Mtoto Anayecheua Maziwa: Mleteni Kwenye Kilo Kabla ya Kwenda Dukani

Kila asubuhi ya kilo, yaani ya kupima watoto uzito, katika vituo vya afya tunavyosimamia hapa Lubumbashi, anafika mama mwenye kitenge cha madoa meupe begani. Analalamika kwamba mtoto anatapika kila akitoka kunyonya. Tunamvua mtoto, tunampima, tunakuta ameongezeka vizuri kabisa. Kisha mama anafungua mkoba na kutoa chupa tatu za dawa alizouziwa dukani, na ya nne ambayo nkambo (bibi) alimnunulia upande wa Kasumbalesa, mpakani. Malalamiko ya namna hii yameongezeka sana, na kwa kuwa Wiki ya Kunyonyesha Duniani inafika, tarehe 1 hadi 7 Agosti kama kila mwaka, ofisi imeona tuyajibu kwa maandishi ili kila mzazi asome kwa nafasi yake.

Kucheua si ugonjwa. Mwisho wa umio, pale unapoingia tumboni, kuna msuli wa duara unaofanya kazi ya mlango: unafunguka chakula kipite, kisha unajifunga. Kwa mtoto mchanga mlango huo bado ni mlegevu, na tumbo likijaa unafunguka ovyo. Umio wake ni mfupi, chakula chake chote ni majimaji, na karibu siku nzima amelala. Basi maziwa yanarudi. Karibu nusu ya watoto wa chini ya miezi mitatu hucheua angalau mara moja kwa siku. Huzidi karibu na mwezi wa nne, hupungua mtoto anapoanza kukaa, na wengi sana huwa wameacha kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hakuna sharubati inayokomaza msuli huo. Unakomaa kwa miezi.

Wazazi wengi wamesoma kwenye simu neno asidi, wanaamini mtoto anaungua koo kila anapocheua. Asidi imo tumboni, ni kweli, lakini maziwa yenyewe huipoza, na yale yanayorudi muda mfupi baada ya kunyonya mara nyingi hayana ukali mkubwa. Mtoto anayecheua, akatabasamu, kisha akatafuta ziwa tena, haumwi. Asidi inakuwa shida inapochubua umio, na hapo mtoto mwenyewe anaonyesha: anajipinda mgongo kwa nyuma na kulia katikati ya kunyonya, anakataa ziwa na njaa anayo, kilo zinasimama. Huyo ni wa daktari. Lakini kilio peke yake hakitoshi kuwa ushahidi. Watoto wote hulia zaidi kadiri wanavyokaribia wiki ya sita, wenye kucheua na wasiocheua.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa kila mama alijaribu nyumbani. Chukua kijiko kimoja cha maziwa, ukimwage juu ya kitambaa, utazame doa linavyotanda. Doa lile lile likiwa begani kwako saa nane ya usiku, utaapa kwamba mtoto amerudisha yote aliyonyonya.

Kwa hiyo kipimo chetu cha kwanza ni kilo, na hapa naomba tusikilizane vizuri, maana ndipo tunapopoteza muda mwingi. Njoo siku ya kilo ya kituo cha mtaa wako, na urudi kituo hicho hicho, kwa sababu mizani mbili tofauti zinaweza kutoa majibu mawili kwa mtoto mmoja. Leta kadi yake. Nambari ya leo bila ile ya mwezi uliopita haituambii mtoto anaelekea wapi, na kadi iliyobaki nyumbani kwenye sanduku haimsaidii mtu. Vua nguo zote pamoja na nepi: nepi iliyolowa inaweza kuongeza gramu mia moja, na hizo ni gramu za siku nne nzima kwa mtoto wa umri huo. Muuguzi anarudisha mizani kwenye sifuri mbele yako, anamweka mtoto, anasubiri atulie, anasoma kwa sauti, kisha anaandika kwenye kadi na kwenye daftari la kituo. Ukiona hajarudisha sifuri, mkumbushe, ni haki yako. Mtoto hupungua siku za kwanza, hata asilimia 10 ya uzito wake, na hurudia uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Kuanzia hapo, miezi mitatu ya mwanzo, tunatarajia gramu 20 hadi 30 kwa siku, na karibu na mwezi wa tano awe amefikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Mstari wa kadi ukipanda hivyo, nepi zikilowa mara sita au zaidi kwa siku, mtoto anakula na chakula kinakaa, hata kama kitenge chako hakikauki.

Kinachomsaidia kila siku ni mambo ya mikono. Mnyonyeshe mara nyingi kidogo kidogo, usisubiri apige kelele za njaa, maana mtoto mwenye njaa kali anameza hewa nyingi. Kichwa chake kiwe juu kuliko tumbo, mdomo ushike sehemu kubwa ya weusi wa ziwa, si chuchu tu. Katikati na mwisho, mweke wima begani, umshike mgongo mpaka abeue. Asipobeua baada ya dakika chache, basi, usimpige mgongo kama ngoma. Akimaliza, mshike wima kifuani kwako dakika ishirini hadi thelathini. Baba anaweza kufanya hivyo, na yaya wa mtoto, na shangazi aliyekuja kutembea, mama apumzike. Mgongoni asibebwe mara baada ya kunyonya, kwa sababu kitenge kikikazwa kinabana tumbo, na tumbo likibanwa maziwa yanapanda. Vivyo hivyo kile kitambaa cha kufunga tumbo ili kitovu kikae vizuri: kifungueni kabisa.

Mwenye kutumia bibero (chupa ya kunyonyeshea) kwa sababu ya kweli hatumhukumu. Afuate vipimo vya kwenye kopo, asiongeze unga ili maziwa yawe mazito, asibadilishe aina ya maziwa kila wiki, na asimlazimishe mtoto kumaliza chupa. Kwa mtoto wa kilo nne, karibu mililita 600 kwa siku nzima, zikigawanywa, zinatosha.

Usiku mtoto alale chali, juu ya godoro lililo sawa na gumu kidogo, bila mto. Hapa ndipo tunapobishana sana na wazee. Wanaogopa kwamba akicheua amelala chali maziwa yatamziba pumzi, kwa hiyo wanamlaza kifudifudi au wanamwinua kichwa kwa mto. Tazameni koo lilivyojengwa: mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu na umio uko chini yake, kwa hiyo kinachorudi hushuka tena kwenye umio. Akiwa kifudifudi, njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini. Watoto wanaolazwa kifudifudi ndio wanaokufa ghafla usingizini zaidi, na mto unaweza kumkunja shingo au kumfunika uso. Wima ni kwa wakati yuko macho mikononi mwenu.

Mbabula, jiko la makala (makaa), nayo itoke nje. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kwetu inauma, najua, na chumba cha mzazi ndicho kinachopashwa moto kwanza. Moshi wa makala unachokoza mapafu ya mtoto, na ile hewa yake isiyo na harufu inaweza kuua nyumba nzima iliyofungwa madirisha. Mvikeni nguo na soksi, mkumbatieni apate joto la mwili mchana mkiwa macho. Sigara pia, moshi wake huongeza kucheua.

Sasa nije kwenye yale yanayotuumiza. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata siku za joto la mwezi wa kumi. Hahitaji masoso (uji) ndani ya bibero ili maziwa yawe mazito yasirudi, wala munkoyo (kinywaji cha mahindi na mizizi) uliochujwa, wala asali, ambayo ni hatari kabla ya mwaka mmoja. Hahitaji bikaboneti ya jikoni, ambayo inaweza kuvuruga chumvi za damu yake. Na hahitaji lavema, yaani dawa ya kuingizwa kwa bomba njia ya haja kubwa. Tumelisema hili miaka na miaka katika kila kikao cha akina mama, na bado tunapokea watoto wa wiki tatu waliopigwa lavema ya mizizi, wengine na pilipili ndani, kwa sababu mtoto alicheua na mtu akasema tumbo ni chafu. Tumbo la mtoto anayenyonya si chafu. Lavema inamtoa maji na chumvi ambazo mwili mdogo kama huo hauna akiba yake, na ncha ya bomba inaweza kutoboa utumbo. Hakuna uhusiano wowote kati ya utumbo wa chini na mlango wa juu wa tumbo. Hakuna.

Dawa za dukani nazo. Metoklopramidi inaweza kumkaza mtoto shingo na macho kama mwenye degedege. Domperidoni inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na nchi za Ulaya zimeacha kuitumia kwa watoto wa chini ya miaka 12. Ranitidini iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu unaohofiwa kuleta saratani, kwa hiyo kopo la zamani lililobaki kabatini litupwe. Omeprazoli ina kazi yake, kwa mtoto ambaye daktari ameona umio umechubuka. Kwa mtoto anayecheua na kukua, haipunguzi kucheua wala kilio, na kuzima asidi kunawafungulia njia vijidudu ambavyo asidi hiyo ingewaua, akapata kuhara au homa ya mapafu.

Kwa upande wa wauzaji, tukumbushane. Sheria ya Kongo nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 kuhusu afya ya umma inahesabu uuzaji wa dawa kuwa kazi ya wenye ruhusa. Mkaguzi akifika anaomba kwanza hati ya ruhusa, kisha jina la mtu mwenye dhamana ya duka, kisha hati za manunuzi. Kinachokosekana kinaandikwa kwenye ripoti, duka linaweza kufungwa kwa muhuri, na mwenye duka akafikishwa mbele ya sheria. Kuvunja muhuri ni kosa jingine peke yake, linafuatiliwa peke yake. Kwa wafanyakazi wenzetu wa wodi za wazazi: Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa ya kopo inakataza kumpa mama sampuli ya bure, kubandika tangazo ukutani na kupokea zawadi ya kampuni. Anayelalamikiwa anaandikiwa barua ya kuomba maelezo, anajibu kwa maandishi, na faili linakwenda kwenye nidhamu. Mzazi aliyepewa kopo la bure wodini anaweza kuja kutuambia. Jina lake halitajwi.

Mama aendelee kula. Tumeona wazazi wanaokatazwa maharage, pilipili na hata sombe, wamebaki na bukari (ugali) na chumvi, eti maziwa yao yanamchachusha mtoto. Ni mtoto mwenye damu kwenye choo, au ngozi yenye vipele visivyopona, ambaye daktari anaweza kumwomba mama yake aache maziwa ya ng'ombe kwa wiki mbili hadi nne ili tuangalie.

Kuna mtoto ambaye siku ya kilo haimhusu, anatakiwa kuletwa saa ile ile, hata usiku. Anayetapika kijani: huenda utumbo umejisokota, na hapo saa zinahesabiwa. Anayetapika damu au kitu cha rangi ya kahawa. Mwenye wiki tatu hadi sita anayerusha matapishi mbali kwa nguvu kila akinyonya, kisha anadai ziwa tena kwa njaa, huku akikonda. Huyo mlango wa chini wa tumbo umebana, na anapona kwa upasuaji. Mwenye tumbo lililovimba na gumu, mwenye homa, anayelegea au asiyeamka kunyonya, anayebanwa pumzi au kugeuka rangi ya bluu mdomoni, mwenye utosi uliovimba. Utosi ukibonyea, wengi mjini wanasema ni lukunga na wanatafuta mtu wa kupaka dawa kichwani. Mara nyingi kilichoisha ni maji mwilini, na dawa ya kupakwa haiingizi maji. Mleteni kwanza. Anayeanza kutapika baada ya miezi sita, wakati hakuwahi kucheua, naye aonwe na daktari.

Katika kituo muuguzi atamwangalia na, ikibidi, ataandika barua ya uhamisho kwenda hospitali kubwa ya rufaa ya zoni ya afya ya eneo lenu. Barua hiyo ina saa ya kuondoka, dalili na kila kilichotolewa. Msiondoke bila kuipokea, wala msipitie nyumbani kubadilisha nguo. Njiani aendelee kunyonya, isipokuwa anayetapika kijani au mwenye tumbo gumu, ambaye hapewi kitu mdomoni mpaka daktari amwone.

Na mje na kila alichopewa: chupa za dukani, kipande cha mzizi, jina la aliyepiga lavema na siku aliyopiga. Akina mama wengi wanaficha kwa kuogopa kugombezwa, na wengine, nakubali, waliwahi kugombezwa mbele ya foleni. Wauguzi wetu wameelekezwa kuuliza jambo hilo pembeni, kwa sauti ya chini, na kuandika jibu bila kuongeza neno. Daktari anayejua mtoto alikunywa nini saa kumi na moja ya alfajiri anajua asimpe nini saa mbili.