pidlRoot si mahali pa kuanzia

Juzi tena. Kijana ninayemsimamia kaniletea programu ya kutunza nakala za hesabu za duka, na kwenye sehemu ya kuchagua folda kaiweka D:\Hesabu ndani ya pidlRoot. "Kaka, inafungukia pale pale ninapotaka." Kweli, inafungukia pale pale. Siku mbili baadaye mhasibu wa mteja akapiga simu: amechomeka flashi, kompyuta imeiona, ila programu yetu haioneshi flashi, haioneshi Desktop, haioneshi chochote nje ya folda ile. "Au imeingia virusi?" Hapana dada, hakuna kirusi. Tumekufungia ndani.

pidlRoot ni mzizi wa mti mzima wa folda unaochorwa na SHBrowseForFolder, fanksheni ya Windows inayofungua kidirisha cha kuchagua folda. Kilicho juu yake au pembeni yake hakipo, basi. Umemkaribisha mgeni sebuleni, umetia kufuli mlangoni, halafu unashangaa mbona haendi chooni. Zipo siku unataka hivyo hasa, mfano mtumiaji asitoke nje ya folda ya kampuni. Siku nyingine zote ni kosa, tena kosa lisiloonekana kwenye mashine ya aliyeandika, kwa sababu yeye hujaribu folda ileile moja.

Nawaelewa kidogo. BROWSEINFO, ile fomu ya maelezo unayoikabidhi SHBrowseForFolder, ina sehemu 8 na hakuna hata moja ya folda ya kuanzia. Mtu anapitia orodha, anakutana na pidlRoot, anasema hii hapa. Njia yenyewe imejificha kwenye lpfn, yaani kolibeki, fanksheni yako ambayo Windows huiita yenyewe, na hapo kuna imani nyingine potofu inamsubiri: kwamba kolibeki huitwa mtumiaji akishabonyeza OK. Nimeona hata watu wanaoandika SendMessage ya BFFM_SETSELECTION (meseji ya kukiambia kidirisha kichague folda fulani) mstari mmoja chini ya SHBrowseForFolder. Jamani, hiyo meseji unamtumia nani? SHBrowseForFolder hairudi mpaka mtumiaji achague au aghairi. Ikirudi, kidirisha kimeshakufa. Kabla hujaiita, hakijazaliwa.

Kolibeki ni kuacha namba ya simu kwa fundi. Hupigi wewe. Windows ndiyo inayopiga, kidirisha kikiwa bado wazi na mstari wako wa SHBrowseForFolder ukiwa bado umesimama unangoja. Kidirisha kikiwa tayari inapiga kwa BFFM_INITIALIZED, na mkononi inakupa kitu ambacho usingekipata kwingine, yaani hwnd, kitambulisho cha kidirisha chenyewe:

if (uMsg == BFFM_INITIALIZED)
    SendMessageW(hwnd, BFFM_SETSELECTIONW, TRUE, lpData);
return 0;

lpData ni kile ulichokiweka kwenye lParam ya BROWSEINFO; hapa ni njia ya folda iliyoandikwa kwa herufi. Hiyo TRUE ndiyo inayosema "nimekuletea maandishi". Ukiweka FALSE umesema umeleta PIDL, yaani anwani ya folda kwa mfumo wa ndani wa Windows, na ukileta maandishi ukayaita PIDL, utakachokiona usilaumu antivairasi. Angalia pia herufi W, ya maandishi ya Unicode; A ni ya yale ya zamani ya ANSI. Ukituma meseji ya A na maandishi ya W hakuna kelele wala kosa, folda haichaguliwi tu, na mchana wako umekwisha. Kurudisha 0 ni sawa kila mahali isipokuwa kwenye BFFM_VALIDATEFAILED (mtumiaji kaandika jina la folda lisilofaa), ambako kisicho sifuri kinakiacha kidirisha wazi.

Na tafadhali, kompaila ikilalamika kuhusu aina ya fanksheni yako, usiinyamazishe kwa kasti. Inakuambia kwamba umesahau CALLBACK, neno linalotaja namna fanksheni inavyoitwa, au umeipa fanksheni ya klasi isiyo static. Kwenye biti 64 kosa la kwanza halikudhuru, kwa kuwa kule namna ya kuita ni moja, kwa hiyo unajiona fundi. Jenga ya biti 32 uone. Kama unahitaji klasi yako, ipitishe this kwenye lParam. PIDL inayorudi uiachie kwa CoTaskMemFree. Ukitumia BIF_NEWDIALOGSTYLE, bendera ya kidirisha cha mtindo mpya, anza na OleInitialize. Hayo sirudii.

Hata ukifanya yote sawasawa, kwenye Windows 7 folda inaweza kuchaguliwa huku mti haujashuka mpaka ilipo. Mtumiaji anaona juu tu na kudhani haijachaguliwa. Dawa yangu ni kuituma meseji tena baada ya kitambo, kwa taima. Nahisi mti huwa haujamaliza kujijaza. Sijawahi kulithibitisha, na zile milisekunde nimezichagua kwa kubahatisha, nikaongeza kidogo mteja alipolalamika. Naona aibu kila ninapoufungua ule msimbo.

Kijana nimemwambia aachane nayo kabisa. Tangu Vista kuna kidirisha kingine, IFileOpenDialog: unaipa FOS_PICKFOLDERS (chagua folda, si faili), unaita SetFolder, na folda ya kuanzia unaipata bila kolibeki yoyote, mtumiaji akiwa huru kwenda hata kwenye flashi. Jana kaniletea toleo jipya. Katumia SetDefaultFolder, ambayo husikilizwa pale tu ambapo hakuna folda iliyotumika hivi karibuni. Kwake ilifungukia pale pale alipotaka, mara ya kwanza.