Uso wa metali "uliojipanga upya": umejipanga kulinganisha na nini?

"Gesi ikinata juu ya metali, atomu za uso hujipanga upya." Sentensi hii imezagaa kwenye maelezo ya vichocheo. Kwa shaba inaweza kupita. Kwa platini imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Maana yenyewe ni fupi. Ukikata fuwele, atomu za juu hupungukiwa na majirani. Tabaka zima likishuka kidogo bila kubadili mpangilio, hapo limesogea tu. Atomu zikiacha mpangilio ambao ungetarajiwa kutokana na fuwele ya ndani, hapo ndipo zimejipanga upya. Kipimo, basi, ni ndani ya fuwele, wala si hali ya uso kabla ya gesi kuingia.

Chukua platini, uso wa 110 (namba kama 110 na 100 hutaja upande ambao fuwele imekatwa). Ukiwa safi kabisa, katika kila safu mbili za juu moja haipo, na uso una matuta kama bati la migongo. Huo ndio uliojipanga upya, na gesi haijafika. Ingiza kaboni monoksidi kwenye joto la chumba: molekuli zikifikia takriban 0.2 kwa kila atomu ya uso, safu zinaanza kuvunjika na atomu zake zinajaza mifereji. Zikifika 0.5 hivi, uso umerudi kwenye mpangilio wa ndani.

Uso wa 100 una visa zaidi. Tabaka lake la juu likiwa safi hubanana kwa pembesita, likibeba atomu kama asilimia 20 zaidi ya tabaka la mraba lililo chini yake. Kaboni monoksidi hushika mraba kwa nguvu zaidi kuliko pembesita, na nishati inayopatikana hapo hulipia gharama ya kuivunja. Atomu za ziada hazina pa kwenda, kwa hiyo husukumwa juu na kuwa visiwa vyenye kimo cha atomu moja. Sasa oksijeni, ambayo pembesita ilikuwa karibu kuikataa kabisa, inapasuka kirahisi kwenye mraba, inaichoma kaboni monoksidi, kaboni dioksidi inaondoka, na uso uliobaki wazi unarudia pembesita. Ndiyo maana kasi ya mmenyuko huu hupanda na kushuka yenyewe. Gerhard Ertl wa Berlin, mshindi wa Nobel ya kemia ya 2007, aliuchambua kwa kina.

Shaba hufanya kinyume. Uso wake safi wa 110 umeshuka tu kidogo. Oksijeni ikija, atomu za shaba hung'oka kwenye kingo za ngazi (vidaraja vya kimo cha atomu moja usoni), huzurura, kisha huungana nayo kuwa minyororo iliyokaa juu ya uso. (Tafadhali, hiyo si kutu.)

Maabara huuona mkanganyiko huu mapema. Kwa kanieneo la torr 10⁻⁹ (torr ni kipimo cha kanieneo; hapa ni karibu utupu), mabaki ya gesi yanaweza kufunika uso kwa dakika 17 hivi iwapo kila molekuli itanata. Platini ya uso wa 100 iliyosafishwa kwa ayoni (atomu zenye chaji) za gesi ya agoni, ikapashwa moto, kisha ikaachwa kwenye mabaki ya kaboni monoksidi, itaonyesha mraba, na mtu ataandika kwamba "haikujipanga upya". Ilijipanga, gesi imeupangua mpangilio huo. Aipashe tena, apime mara inapopoa, na kwenye ripoti aandike kwamba kaboni monoksidi *huondoa* mpangilio mpya wa platini.