Ponda kitunguu saumu, kisha subiri dakika 10

Chukua punje ya kitunguu saumu ambayo haijamenywa, uinuse. Husikii harufu ya maana. Sasa imenye, itwange kwenye kinu, halafu uinamie tena: pua inawasha na jiko zima linanukia. Harufu hiyo imezaliwa sasa hivi, chini ya mchi wako.

Ndani ya punje kuna kemikali iitwayo aliini na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) kiitwacho alinasi. Viwili hivi hukaa vyumba tofauti ndani ya seli. Kuta zikivunjika vinakutana, na kwa sekunde chache tu inatengenezwa alisini, silaha ya mmea dhidi ya wadudu na ukungu. Chester Cavallito na John Hays Bailey wa Marekani waliitenga mwaka 1944, wakaonyesha kwamba inaua bakteria maabara.

Kimeng'enya hicho hakistahimili moto. Wengi wetu tunatwanga saumu na kuitia papo hapo kwenye mafuta yaliyochemka, kazi ikakatishwa njiani. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001 yalionyesha kuwa sekunde 60 kwenye maikrowevu zinatosha kukizima, lakini saumu iliyoachwa dakika 10 baada ya kupondwa ilibaki na sehemu ya nguvu yake. Basi twanga saumu kwanza, iweke kando, ndipo umenye viazi na kukata nyanya.

Alisini yenyewe haidumu. Hugeuka kuwa kemikali nyingine za salfa, na hizi ndizo zinazosaidia seli zetu kutengeneza vimeng'enya vya kupambana na radikali huru, chembe zinazochakaza mafuta na vinasaba mwilini. Hapo ndipo sifa ya saumu ya antioksidanti, yaani kupunguza uchakavu huo, inapotoka, pamoja na madini kidogo ya seleni.

Sasa niseme jambo linaloniumiza moyo: wagonjwa wanaoacha vidonge vya presha kwa sababu ya saumu. Tafiti zinaonyesha kwamba kwa wenye presha ya juu inaweza kuishusha kidogo, kidogo tu. Kuhusu lehemu (kolesteroli), utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka 2007 uliwafuatilia watu 192 kwa miezi 6, wengine wakila saumu mbichi, na lehemu mbaya haikushuka. Saumu ni mboga njema. Dawa zako endelea nazo.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, amwambie daktari kama anakula saumu nyingi au vidonge vyake, kwa kuwa hupunguza kuganda kwa damu. Msiwafunge watoto saumu mbichi kwenye ngozi, inaunguza hadi malengelenge.

Na ile chupa ya saumu iliyolowekwa kwenye mafuta, inayokaa rafuni wiki nzima, iondoeni. Humo hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha mwili, hustawi bila kubadili harufu wala ladha. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache.