Mawe, maji na mikono: jinsi ya kuisoma bustani ya Kijapani

Mtu anayeingia katika bustani ya Kijapani kwa mara ya kwanza huvutwa na mimea: msonobari uliopinda, maua ya mcheri, majani ya mti wa momiji yaliyogeuka mekundu. Fundi wa bustani wa Kyoto huanzia kwenye mawe. Akikabidhiwa kiwanja kitupu, kazi inayomsumbua zaidi ni kuamua kila jiwe lizikwe kwa kina gani, lielekee upande upi, na likae karibu na lipi. Mimea hukua, hukatwa, hufa, ikapandwa mingine. Jiwe likikaa vizuri hukaa kwa karne nyingi, na ndiyo sababu leo tunaweza kusimama mbele ya bustani ya miaka mia tano iliyopita na bado tukaona fundi alikuwa anawaza nini.

Sisi tunaofundisha usanifu wa mandhari huulizwa sana siri ya utulivu wa bustani hizi. Watu hutarajia jibu la kifalsafa. Mimi hupenda kuanza na watu walioutengeneza utulivu huo kwa mikono yao, maana wengi wao hawakupewa heshima waliyostahili, na ukiwajua utaiona bustani kwa macho mengine.

Habari yao inaanza mapema. Kitabu cha kale cha historia ya Japani, Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720, kinasimulia kwamba mwaka 612 alifika mtu kutoka Baekje, dola iliyokuwa katika rasi ya Korea. Uso na mwili wake vilikuwa na mabaka meupe. Watu wakamchukia, wakataka kwenda kumtupa kisiwani. Akawajibu kwamba kama wanachukia mabaka, basi wasifuge ng'ombe wala farasi wenye mabaka katika nchi yao. Tena yeye ana ufundi wake mdogo, anajua kujenga mifano ya milima. Wakamwacha. Akajenga katika ua wa kusini wa kasri la Malkia Suiko mfano wa Mlima Sumeru, ambao Wabudha wanauona kuwa kitovu cha ulimwengu, na daraja pamoja nao. Mmoja wa wajenzi wa bustani wa mwanzo kabisa kutajwa katika maandishi ya Japani, basi, alikuwa mgeni aliyeponea kwenye ujuzi wa mikono yake.

Katika zama hizohizo wakubwa walianza kuchimba mabwawa yenye visiwa majumbani mwao. Soga no Umako, waziri mwenye nguvu aliyefariki mwaka 626, aliitwa Waziri wa Kisiwa kwa sababu ya kisiwa kilichokuwa katika bwawa lake. Mji mkuu ulipohamia Heian, yaani Kyoto ya leo, mwaka 794, bustani za bwawa zikawa sehemu ya maisha ya makabaila. Walipanda mashua juu ya maji hayo, wakatunga mashairi kando ya vijito. Huko Uji, kigogo Fujiwara no Yorimichi aliigeuza nyumba yake ya mapumziko kuwa hekalu la Byōdō-in, na mwaka 1053 ukakamilika Ukumbi wa Feniksi. Ukumbi unatazama mashariki, kwa hiyo anayesimama ng'ambo ya bwawa huuangalia akiwa ameelekea magharibi, upande ambako waumini waliamini iko pepo ya Buddha Amida. Bwawa lile limechimbwa pale ili mtu aione pepo ikielea juu ya maji.

Mtoto wa Yorimichi, Tachibana no Toshitsuna, ndiye anayedhaniwa kuandika Sakuteiki, kitabu cha karne ya 11 ambacho ndicho mwongozo wa kale zaidi wa ujenzi wa bustani nchini Japani. Ningependa kila mwanafunzi wetu akisome, kwa kuwa kinazungumza lugha ya mtu aliyewahi kusimama matopeni. Kinaeleza namna ya kupanga mawe, kutengeneza maporomoko na kupitisha kijito kutoka mashariki, kikipita kusini, hadi magharibi. Kinaagiza kwamba fundi akishasimika jiwe kuu, yanayofuata ayaweke kwa kutii linavyotaka jiwe hilo. Kinasema pia kwamba likiwepo jiwe moja au mawili yanayokimbia, yawepo saba au manane yanayoyafukuza, kama watoto wanaocheza kukimbizana. Hapo ndipo lilipo jicho la sanaa hii. Mawe hayapangwi kwa idadi wala kwa mstari. Hupangwa kwa mwelekeo wa nguvu: hili linaegemea, lile linapokea uzito, la tatu linajitenga.

Kitabu kina miiko pia. Jiwe lililokuwa limelala porini lisisimamishwe, na lililokuwa limesimama lisilazwe. Mwenye kukaidi atapatwa na balaa nyumbani mwake. Msomaji wa leo anaweza kuupuuza mwiko kama huo. Mimi naona ndani yake uzoefu wa kazi. Jiwe lililolala miaka mingi lina upande uliopigwa na mvua na jua, na upande uliofunikwa na udongo. Ukiligeuza, rangi zake hazikubaliani na mahali lilipo, na jicho linagundua hila hata kama mtazamaji hawezi kusema ni nini kimeharibika.

Kufikia karne ya 15, kazi nzito ya bustani za Kyoto ilikuwa mikononi mwa watu walioitwa kawaramono, wakazi wa kingo za mito. Walichuna ngozi, waliondoa mizoga, wengine walitumwa kutekeleza adhabu ya kifo. Kwa imani za wakati ule kazi hizo zilimtia mtu unajisi, na unajisi ulirithiwa na watoto. Kuchimba udongo na kung'oa miti nako kulihofiwa, basi wakaachiwa wao. Vizazi viwili vitatu baadaye walikuwa wanayajua mawe na miti kuliko watawa waliowaagiza.

Zen'ami ndiye anayejulikana zaidi. Alimtumikia shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa, yule aliyeanza kujenga Ginkaku-ji, hekalu la Kyoto, mwaka 1482, na alithaminiwa kiasi kwamba alipougua shoguni alimpelekea dawa. Mjukuu wake, Matashirō, alishika ufundi uleule. Mtawa mmoja aliandika katika shajara yake ya mwaka 1489 kwamba Matashirō alimwambia anahuzunika kuzaliwa katika nyumba ya wachinjaji, na kwamba ameapa kutoua kiumbe chochote wala kutamani mali. Kila ninapofundisha historia hii, maneno hayo hunigusa kuliko falsafa yoyote ya urembo. Mtu aliyehesabiwa najisi ndiye aliyekuwa akitengeneza mahali pa watu kutakasia mioyo.

Ukienda hekalu la Ryōan-ji utakutana na bustani kavu, yaani isiyo na maji, inayojulikana kuliko zote: eneo la takriban mita 25 kwa 10, changarawe nyeupe, na mawe 15 katika mafungu matano. Hakuna mti ndani yake. Ukikaa barazani, popote utakapokaa, hutayaona mawe yote 15 kwa pamoja. Daima kuna lililojificha nyuma ya lingine. Watu wameyafasiri kwa kila namna, visiwa baharini, vilele juu ya mawingu, chui milia jike anayevusha watoto wake mto, na wanahistoria hawajakubaliana ni nani aliyeyapanga. Lakini nyuma ya jiwe moja yamechongwa majina mawili, na wengi wanaamini ni ya kawaramono waliofanya kazi pale.

Kwa nini bustani zisizo na maji zilisitawi Kyoto? Sababu moja ni nafasi. Nyumba za watawa wa Zen, madhehebu ya Kibudha, zilikuwa na nyua ndogo. Vita vya Ōnin, vya mwaka 1467 hadi 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya mji, na wenye uwezo wa kuchimba mabwawa makubwa wakapungua. Sababu nyingine ni michoro ya wino kutoka China, ambayo watawa waliipenda sana: milima kwa mistari michache, na karatasi iliyoachwa wazi ikawa ukungu au maji. Katika Daisen-in, hekalu dogo lililoanzishwa mwaka 1509 ndani ya eneo la Daitoku-ji, mchoro wa namna hiyo umejengwa kwa mawe halisi. Mawe marefu yaliyosimama ni milima, changarawe inashuka kati yake kama maporomoko, inapita chini ya daraja la jiwe, kisha inakuwa mto ambamo limewekwa jiwe lenye umbo la mashua. Yote hayo yako katika nafasi finyu kando ya baraza.

Hapa natoa tahadhari. Ile dhana kwamba kila bustani kavu ilijengwa ili mtu akae mbele yake akitafakari imeenea sana katika karne ya 20, nje ya Japani hasa. Watawa wa Zen huketi kutafakari ndani ya kumbi. Kwao bustani ilikuwa zaidi kazi ya kila siku: kufagia, kung'oa magugu, kupitisha reki.

Tahadhari ya pili inahusu Saihō-ji, inayoitwa Hekalu la Kuvumwani. Mtawa Musō Soseki alilifufua mwaka 1339 na kupanga bustani yake. Leo ardhi yote imefunikwa na kuvumwani, ule mmea mfupi laini unaoota penye unyevu na kivuli, wa aina zipatazo 120. Mgeni hudhani Musō ndiye aliyetaka hivyo. Kuvumwani kile kiliingia chenyewe karne nyingi baada yake, hekalu lilipokosa fedha na bustani ikakosa watunzaji, na bonde lenyewe lina unyevu mwingi. Busara ya waliofuata ilikuwa kukitambua kuwa kizuri na kuanza kukilinda. Mandhari tunayoisifu kuwa ya karne ya 14 imetengenezwa na Musō, na umaskini, na mvua, na watu waliojua wakati wa kutogusa.

Karne ya 16 ilileta bustani ya chai, njia fupi inayompeleka mgeni hadi kibanda cha chai. Vipando vya mawe, yaani mawe ya kukanyagia, vimetenganishwa ili mtu apunguze mwendo na kutazama chini. Birika la jiwe la kunawia limewekwa chini ili ainame, awe bwana au mtumishi. Inasimuliwa kwamba Sen no Rikyū, gwiji wa chai aliyefariki mwaka 1591, alitaka vipando viwe sehemu sita kwa kutembea na nne kwa kupendeza, na mwanafunzi wake Furuta Oribe akageuza: nne kwa kutembea, sita kwa kupendeza. Mjadala huo haujaisha, na kila msanifu anayeweka njia lazima achague upande.

Zama za amani zilizofuata zilileta bustani kubwa za kutembelea, ambako mandhari hujificha na kujitokeza kadiri unavyozunguka bwawa. Katsura ya Kyoto, iliyoanzishwa na Mwanamfalme Toshihito mwanzoni mwa karne ya 17, ndiyo niipendayo kuliko zote. Mabwana wa majimbo nao walishindana: Kōraku-en ya Okayama ikakamilika mwaka 1700, Kenroku-en ikastawi Kanazawa, na huko Mito, Tokugawa Nariaki akafungua Kairaku-en mwaka 1842 na kuwaruhusu hata raia wa kawaida kuingia.

Kuna mbinu moja ambayo haihitaji utajiri huo: kuazima mandhari. Entsū-ji, hekalu lililo kaskazini mwa Kyoto, lina ua wa mimea uliokatwa usawa mmoja, na juu yake, kati ya mashina ya miti, Mlima Hiei unasimama kilomita kadhaa kule. Ua unaficha mashamba na nyumba zilizo katikati, na mlima unakuwa sehemu ya bustani. Udhaifu wake ni dhahiri: jengo moja refu linatosha kuibomoa bustani bila kugusa hata jani lake. Mwaka 2007 jiji la Kyoto lilipitisha sera mpya ya mandhari, likashusha kikomo cha urefu wa majengo katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31 na kulinda kisheria mionekano mahsusi, wa Entsū-ji ukiwemo. Wenye viwanja walilalamika, na nawaelewa, lakini naona jiji lilifanya sawa.

Yote haya yangeisha ndani ya miaka michache bila watunzaji. Msonobari mweusi huachwa na umbo lake kwa kung'olewa machipukizi kwa vidole majira ya kuchipua, kisha majani ya zamani hupunguzwa moja moja vuli inapofika. Mti mmoja mkubwa unaweza kumchukua fundi siku nzima. Kuvumwani hufagiliwa kwa mifagio ya mianzi kwa mkono mwepesi, kwani mkono mzito hukichimbua. Changarawe ya granaiti ya Shirakawa, iliyotumika kwa karne nyingi kwa weupe wake, hairuhusiwi tena kuchotwa mtoni, hivyo mahekalu huitunza iliyopo na kuisafisha.

Kwa msomaji anayepanga safari: Kenroku-en huanza kufunga kamba za kuzuia theluji isivunje matawi tarehe 1 Novemba, na kazi huendelea hadi katikati ya Desemba. Siku hizo utawaona mafundi juu ya ngazi, kamba zikishuka kutoka kwenye nguzo ndefu hadi kila tawi. Saihō-ji haipokei mtu asiyeomba nafasi mapema. Walio London wanaweza kuanza na Kyoto Garden ndani ya Holland Park, iliyofunguliwa mwaka 1991. Ni ndogo, lakini maporomoko yake yamepangwa vizuri. Simama hapo, uangalie ni jiwe lipi linaloyapokea maji na ni yapi yamewekwa kulisaidia.