Dini zenye mfumo zitadumu? Anzieni kwenye jumuiya

Sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales ilionyesha kwamba waliojiandika Wakristo wameshuka hadi asilimia 46.2, kutoka asilimia 59.3 miaka kumi kabla. Tangu hapo tanzia ya dini zenye mfumo imeandikwa mara nyingi. Huku kwetu jibu huwa jepesi: makanisa yanajaa, Ijumaa watu wanaswali hadi nje ya msikiti, basi hatuna cha kuhofia. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yanapima kisichofaa. Wingi wa watu siku ya Pasaka hauelezi taasisi ina afya gani. Afya yake inaonekana pale muumini anapokosekana wiki tatu: je, kuna anayejua, na akijua anafanya nini?

Nafundisha viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya kaya jirani zinazokusanyika kusali kila wiki, na kupitia madaftari yao, kwa hiyo nitazungumzia zaidi Kanisa Katoliki la Tanzania. Lakini tupitie kwanza Ujerumani, maana huko ndiko walikotoka Wabenediktini wa St. Ottilien waliofungua Peramiho mwaka 1898 na Walutheri wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893.

Ujerumani muumini hulipa kodi ya kanisa. Ni asilimia 8 ya kodi yake ya mapato katika Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 katika majimbo mengine. Anayedaiwa kodi ya mapato ya euro 5,000 kwa mwaka anaongezewa euro 400 au 450, zinazokatwa na serikali na kupelekwa kanisani. Anayetaka kuacha haendi kwa padri wala mchungaji, bali mahakamani au ofisi ya usajili, anatia saini, na makato yanakoma. Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya 520,000 walifanya hivyo, na mwaka 2023 zaidi ya 400,000. Kashfa za unyanyasaji wa watoto zina sehemu kubwa hapo. Utafiti ulioagizwa na maaskofu wenyewe na kutolewa mwaka 2018 ulikuta wahanga 3,677 katika kumbukumbu za majimbo ya Kanisa. Ila kuna jambo la kimuundo ambalo huzungumzwa kidogo. Mtu anayeishi mjini, asiye na watoto wa kubatizwa, anaweza kukaa miaka mingi akiwa hana uhusiano wowote na kanisa lake isipokuwa mstari mmoja kwenye hati ya mshahara. Siku akikasirika, mstari huo tu ndio wa kukata. Mwaka 2012 maaskofu wa Ujerumani walitoa agizo kwamba aliyejitoa namna hiyo hapokei tena Komunyo wala Kitubio, labda awe katika hatari ya kufa, na anaweza kunyimwa maziko ya kanisa. Agizo hilo halikuzuia watu kuondoka.

Sisi hatuna kodi hiyo. Tuna jumuiya. AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, lilianza kulisukuma wazo hilo miaka ya 1970, na mwaka 1976 likaufanya ujenzi wa jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Leo muumini wa Dar es Salaam au Songea ana ngazi zake: jumuiya, kanda, kigango, parokia, jimbo. Walutheri wa KKKT nao wana ibada zao za nyumba kwa nyumba. Padri mmoja mwenye waumini maelfu hawezi kumjua kila mtu. Mwenyekiti wa kaya 15 anaweza. Jumuiya ikizidi kaya 25 igawanywe, hata kama wanajumuiya watalalamika kwamba wamezoeana. Juu ya hapo sebule hazitoshi, wanaoongea ni walewale wanne, na mgonjwa wa mtaa wa pili hajulikani.

Kusanyiko la wiki lina mtindo wa hatua saba uliotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Wanajumuiya wanamkaribisha Bwana kwa sala. Wanasoma Injili. Kila mmoja anachagua neno au kifungu kifupi na kukisema mara tatu, taratibu. Wanakaa kimya. Wanashirikishana neno lilivyowagusa. Wanajadili jukumu: nani anaumwa, nani hana ada, nani amehamia. Wanafunga kwa sala za papo kwa papo. Likifanywa sawasawa linachukua dakika 50 hadi 60.

Linaharibika mahali palepale karibu katika kila jumuiya. Hatua ya tatu na ya nne zinarukwa kwa sababu watu wanaogopa ukimya. Ya tano inakuwa mahubiri ya mtu mmoja, mara nyingi katekista mstaafu au mama mwenye sauti. Kisha ya sita, ambayo ndiyo roho ya kusanyiko, inamezwa na matangazo: mchango wa nyumba ya mapadri, mavuno, zawadi ya jubilei, sare ya WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), deni la kanda. Nimekuta daftari la kumbukumbu ambalo kwa robo mwaka nzima chini ya kichwa “jukumu” hakuna kitu kingine ila majina na shilingi. Wanaume wakiacha kuja, na vijana wakifuata, viongozi wanasema imani imepoa. Waangalie kwanza daftari. Mtu asiye na elfu mbili mfukoni Jumamosi ile hatakwenda kukaa kwenye sebule ya jirani asomwe jina.

Dawa yake si ngumu. Michango isiguswe katika hatua ya sita. Mhazini akae pembeni baada ya sala ya mwisho na kitabu cha stakabadhi, au namba ya malipo ya jumuiya ibandikwe ukutani, isiwe namba binafsi ya mtu. Mapato na matumizi yasomwe kila miezi mitatu, kwa jumla, bila majina ya wasiolipa. Na kwenye mitaa yenye wafanyabiashara wa sokoni, kusanyiko la Jumamosi saa 12 asubuhi ni kuwaambia wasije. Jioni ya Jumatano au Alhamisi inawapata wengi zaidi.

Sasa jambo linaloniuma kuliko yote. Ili mtoto abatizwe, wachumba waandikishe ndoa au marehemu azikwe, parokia nyingi zinadai barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Barua hiyo ina kazi halali: inathibitisha kwamba mtu anajulikana, na padri hawezi kumtambua kila anayebisha hodi. Lakini polepole barua hiyo imegeuka fimbo. Familia inafiwa saa nane usiku, asubuhi inaambiwa marehemu alikuwa na deni la zaka la miaka miwili au “hakuwa anasali jumuiya”, hivyo padri hatakuja. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1184, zinataja wanaoweza kunyimwa maziko ya kanisa wasipoonyesha dalili ya toba: walioasi imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa hadharani, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangeleta kashfa kwa waamini. Pakiwa na shaka, askofu wa jimbo ndiye wa kuulizwa. Deni la zaka halimo. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Kwa sakramenti, kanuni ya 843 inamkataza mhudumu kumnyima anayeziomba kwa wakati unaofaa, aliyejiandaa vizuri na asiyezuiwa na sheria.

Hapo tunafanana na Ujerumani kuliko tunavyotaka kukubali. Wao wamefunga huduma kwenye kodi, sisi kwenye kadi ya zaka. Tofauti ni kwamba Mjerumani anaacha jina lake kwenye fomu, kwa hiyo anahesabiwa. Wa kwetu anaondoka kimya. Anahamia kanisa la kiroho la jirani, au anakaa nyumbani, na kwenye takwimu za parokia bado ni Mkatoliki kwa sababu kitabu cha ubatizo hakifuti mtu.

Wapo wanaosema basi tuachane na mfumo, tubaki na imani tu. Siafiki. Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 na baada yake, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa. Mhubiri yule hakuwa na askofu juu yake wala baraza la kumhoji, na hakuna mkaguzi aliyepitia hesabu zake. Mfumo una ubaya wake, lakini ndio unaoweza kumwambia kiongozi “hapana” na kumwondoa. Upande wa Waislamu wa pwani, wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya dini, umefanya kazi inayofanana kwa karne nyingi: kodi ya nyumba au duka inalipa maji, taa na mwalimu wa madrasa hata imamu akibadilika. Wakfu unaokufa huwa umekufa kwenye karatasi. Msimamizi amefariki bila mrithi kuandikwa, au kodi ya pango haijapandishwa kwa miaka mingi hadi haitoshi hata kupaka chokaa.

Mwisho nigusie kuhama, kwa sababu ndiko kunakovuja zaidi na hakuhitaji fedha kuziba. Ujerumani ukihama, ofisi ya makazi inaandika dini yako na kanisa la mtaa mpya linajua umefika. Huku binti anatoka Mbinga kwenda kupanga chumba Mbagala, na ni juu yake kubeba barua ya utambulisho, kuitafuta jumuiya na kujieleza kwa watu asiowajua. Asipofanya hivyo mwezi wa kwanza, mara nyingi hafanyi tena. Kwa hiyo barua isimsubiri aombe. Katibu wa jumuiya aandike jina, mtaa anaokwenda na namba ya simu, kwa ridhaa yake, na ofisi ya parokia itume kwa parokia anayohamia wiki ileile. Upande wa pili, kila jumuiya iwe na mtu mmoja, si mwenyekiti, ambaye kazi yake ni kupita kwenye nyumba za wapangaji mara moja kwa mwezi akiuliza nani mgeni. Asibebe daftari la michango. Na katibu wa kule alikotoka, mwezi ukipita bila jibu, apige simu.