Polisi akikuumiza, hulazimiki kumshtaki kituoni kwake

Barazani Lamu neno ni lile lile: askari akikupiga, pa kumshtaki ni kituoni kwake tu, basi nyamaza. Si kweli, na kimya hiki chaniuma. Sheria ya Kenya ya 2011 iliunda IPOA, chombo cha kiraia kinachochunguza polisi. Malalamiko hupokewa kwa mdomo au kwa maandishi, na jirani aliyeona aweza kuyapeleka. Vichochoro vyetu ni vyembamba, mashahidi hawakosi: andikeni tarehe, saa, namba ya askari, majeruhi apelekwe hospitali mapema. Aliyekamatwa, Katiba kifungu cha 49 yataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama ikifunguliwa. Akifia mikononi mwao, polisi wenyewe ni lazima waiarifu IPOA.