Namba hii ni ya chumba au ya kichwa?

Kazi yangu ni kufunga mifumo ya kuhifadhi vyumba mtandaoni. Wenye hoteli na nyumba za wageni hunikabidhi karatasi ya bei, na karibu kila mara mbele ya kila chumba pameandikwa namba moja tu. Ndipo ninapouliza: hii ni bei ya chumba au ya kichwa?

Mfumo hauwezi kukisia. Ukiuambia unatoza kwa chumba, 100 inabaki 100 hata wakilala watatu. Ukiuambia kwa kichwa, wawili wanalipa 200. Niliwahi kujaza bei za nyumba moja kwa chumba, kumbe karatasi ilikuwa ya kichwa. Familia ya watu wanne ikahifadhi siku tano kwa bei ya mtu mmoja. Malipo yalishaingia na uthibitisho ulishatumwa, hivyo mwenye nyumba akaiheshimu bei ile na hasara ikamwangukia yeye. Bado inaniuma.

Njia ninayoipenda zaidi iko katikati: bei ya msingi inayobeba watu wawili, halafu nyongeza kwa kila anayezidi. Hapo usisahau bei ya anayelala peke yake, na uweke wazi mtoto anahesabiwa mtu mzima kuanzia umri gani. Ukiliacha pengo hilo, mfumo mwingine utamtoza mtoto mchanga sawa na baba yake.

Linalofuata ni tarehe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Unachouza ni usiku, wala si siku. Anayeingia Ijumaa na kuondoka Jumapili amelala usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Kwa hiyo ukitaka bei ya wikendi, weka alama kwenye hizo mbili. Ukiweka Jumamosi na Jumapili, utauza Ijumaa kwa bei ya chini na Jumapili utabaki na vyumba vitupu.

Misimu nayo ina mtego wake. Tuseme bei ni 100, na kuanzia Desemba 20 inapanda kuwa 150. Mgeni anaingia tarehe 18, anaondoka 23. Mfumo unaohesabu kila usiku kwa bei yake utatoa 650: mbili za 100 na tatu za 150. Unaofuata bei ya siku ya kuingia utatoa 500. Mara nyingi tofauti yote hiyo inategemea kisanduku kimoja kwenye mipangilio. Kitafute kabla ya kufungua kalenda, yaani kabla wageni hawajaanza kuhifadhi.

Bei isiyorudishwa mgeni akighairi, au ile yenye kifungua kinywa, usiiandike upya kwa mkono. Ifunge kwenye bei ya msingi, kwa mfano pungufu kwa asilimia 10, ili ukibadilisha ya msingi nyingine zifuate zenyewe. Angalia pia kama mapunguzo yanaruhusiwa kutumika kwa pamoja. Asilimia 20 ikifuatwa na 10 inaishusha 100 hadi 72, na ukiongeza punguzo la tatu utashangaa mwenyewe.

Kwa wanaouza kupitia mawakala wa mtandaoni: wakala akichukua kamisheni ya asilimia 15 nawe unataka 100 mkononi, usiongeze 15. Asilimia 15 ya 115 ni 17.25, kwa hiyo utabaki na 97.75. Gawanya 100 kwa 0.85, upate 117.65. Kodi nayo, amua kama imo ndani ya bei au inaongezwa mwishoni, kisha sema hivyohivyo kila unapouza.

Mwisho wa kazi huwa nakaa na kalamu. Nachukua mgeni mmoja, kisha wawili, kisha familia yenye mtoto, kisha safari inayovuka msimu, na hesabu zao nazipiga kwenye karatasi kwanza. Halafu nahifadhi chumba kama mgeni yeyote na kulinganisha jumla. Zikitofautiana hata kwa senti, kalenda haifunguliwi siku hiyo.